Paa Lililoangukia kwa Baba Mdogo

Kamuli, Kyerwa
24 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta unaendelea vizuri hapo Bweranyange, wewe na Shangazi Costansia, na kwamba nyonga yako imeanza kusikia dawa. Mimi ni mzima. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua, ungeiruka mistari yote ukilitafuta. Ni mzima kabisa, sina hata mchubuko.

Usishangae kuona mwandiko wangu badala ya kuisikia sauti yangu. Mnara wa simu hauna umeme, na simu yenyewe imekufa tangu Jumamosi, sasa natumia kioo chake kutazamia kama nimenawa vizuri. Barua hii nampa Hanifu, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Rubwera ambaye ulikuwa unachukua misumari kwake. Yeye ataikabidhi kwa dereva wa Hiace mpaka ikufikie. Jibu lako lipite njia hiyo hiyo.

Baba, upepo umechukua paa.

Ilikuwa mchana, nimekaa sebuleni nachambua kahawa, mvua haijaangusha hata tone. Upepo ukatoka ng'ambo ya mto, upande wa Rwanda, ukapanda mlima kwetu kwa kishindo. Nguzo za umeme za barabarani zikalala moja baada ya nyingine. Migomba ya chini yote imelala, ile ya ndizi za pombe na ile ya kula, upepo haukuchagua. Nilikimbilia mlango nikaushika kwa mikono miwili, mjinga mimi, kumbe nashika mlango huku paa linaondoka. Nilipoinua uso nikaona mawingu kutoka ndani ya nyumba yetu.

Sasa sikiliza hili, najua litakupa kiburi kidogo. Misumari yako haikuachia hata bati moja. Paa limeondoka zima zima, kenchi, mbao za papi, bati na kofia yake ya kileleni, likavuka mpaka wa shamba letu na kutua kwenye kibanja cha Baba Mdogo Placidius. Limekaa pale juu ya migomba yake, limeinama kidogo tu, mtu angeweza kuingia chini yake na kuomba chai. Kilichobaki kwetu ni kuta na mimi. Nalala jiko la nje pamoja na mbuzi, na mbuzi ndiye anayelalamika.

Nilikwenda kwa Baba Mdogo kuomba bati zetu. Akaniambia kwamba kilichoangukia kibanja chake kitabaki kibanjani kwake mpaka wanaume wa ukoo wakae. Nikamuuliza kama upepo ungeniangusha mimi hapo, ningebaki pia?

Watu wa umeme wamekwisha kupita kukagua. Nguzo mpya zitakuja, wataanzia Nkwenda kisha huku. Lakini wamesema wazi kwamba nyumba isiyo na paa hawairudishii waya. Wakikuta haijaezekwa wanairuka, na watarudi lini tena, hakuna anayejua. Baba, unajua bila umeme mashine yangu ya kutotolesha ni sanduku tu. Vifaranga ndio wanaotulisha, na kununua dawa zako pia.

Mafundi wote wameshikwa, kila kijiji kina kilio chake. Kwa hiyo nataka kupanda mwenyewe. Nimekushikia ngazi tangu sijang'oa meno ya utoto, nimekupokeza misumari katika nusu ya nyumba za kata hii. Najua inavyoezekwa. Naomba ruhusa yako tu, na neno lako kwa Baba Mdogo aachie bati.

Msalimie sana Shangazi.

Ni mimi binti yako,
Vero


Bweranyange, Karagwe
28 Septemba 2024

Kwa binti yangu Vero,

Marahaba mwanangu. Asifiwe milele. Barua yako imefika imenyauka kidogo lakini inasomeka. Namshukuru Mungu kwamba u mzima. Hali yangu si mbaya. Natembea na fimbo hadi chooni na kurudi, na shangazi yako ananihesabia kama ni safari ya Bukoba. Huku nako nguzo zimelala na simu ni kimya, ila paa la Costansia limebaki, sijui kwa nini, kwa maana halikuezekwa na mimi.

Niliposoma kwamba misumari haikuachia, nilicheka peke yangu. Kisha nikasoma chini zaidi, nikaacha kucheka.

Vero, hapana.

Wewe si mtoto, unajua ninachosema. Mwanamke hapandi juu ya nyumba. Nyumba hupandwa na mwenye nyumba au mwanawe wa kiume. Binti akipanda juu ya nyumba ya baba yake aliye hai, anatangaza kwamba baba hayupo tena. Anamwita kaburini kwa miguu yake mwenyewe. Mimi nilikuta hivyo, baba yangu alikuta hivyo. Mimi ni mgonjwa, natembea kwa fimbo, na wewe unataka kupanda?

Jovin yupo. Ni kaka yako na ni mwanangu wa kiume. Tafuta namna ya kumpata huko Geita, aje aezeke nyumba ya baba yake. Vifaranga watasubiri. Kuhusu Placidius, ni mdogo wangu, namjua kwa ukaidi wake. Nitazungumza naye nikirudi. Usimtukane.

Usilale na mbuzi, utapata kikohozi. Nenda kwa jirani yako Uwimbabazi, nyumba yake ni kubwa.

Shangazi yako anakusalimu. Anasema ule vizuri.

Ni mimi baba yako,
Elpidius


Kamuli
5 Oktoba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo tena. Natumaini safari za chooni zimerefuka. Mimi naendelea vizuri, na nimehamia kwa Uwimbabazi kama ulivyoniagiza, kwa hiyo huwezi kusema sisikii.

Nilikwenda Rubwera nikachaji simu kwa Hanifu. Ana sola na foleni ya watu inayofika barabarani. Yeye amekaa katikati ya nyaya anauliza, 'Hii ya nani? Na hii ya nani?' Pale mawasiliano yapo. Nikampata Jovin.

Nitakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, ili usije kusema nimeongeza chumvi. Nilimwambia paa limeondoka, aje. Akasema, 'Baba Mdogo ameshanipigia. Acha tu hiyo nyumba, dada. Mzee hawezi kurudi kuishi huko na mguu ule. Baba Mdogo atakiunganisha kibanja na chake, mimi nitamchukua Mzee huku, na wewe si unaweza kuolewa tena?'

Nilikaa kwenye gunia la saruji la Hanifu mpaka akaniletea maji bila kuuliza kitu.

Kwa hiyo Jovin haji, Baba. Na Baba Mdogo alikuwa amekwenda Rubwera kumpigia kabla sijafika mimi, tena akiwa na migomba yake ya kuinua. Wala hajaishia hapo. Nilimpata fundi mmoja wa Nkwenda aliyekuwa tayari kuja Jumatatu. Baba Mdogo akamfuata, akamwambia nyumba ile ina maneno ya ukoo, asiiguse. Fundi akageuza baiskeli. Sasa hakuna fundi wa kata hii atakayekuja. Umeona mpango ulivyo? Nyumba ikae bila paa, mvua za vuli zikija zilainishe kuta, watu wa umeme waturuke, nami nichoke niondoke mwenyewe. Hapo hatahitaji hata kunifukuza.

Mimi siondoki. Nilirudi hapa kutoka kwa mume nikiwa na begi moja, na wewe ukanifungulia mlango bila swali. Tangu siku ile nimepalilia kibanja hiki, nimevuna kahawa, nimemzika Mama, nimekuuguza. Ukoo unaniita mgeni. Mgeni gani huyu asiyeondoka?

Sasa kuhusu kupanda. Bibi yangu, mama yako, alifuga kuku maisha yake yote na akafa hajaonja paja la kuku hata mara moja, kwa sababu mwanamke alikuwa hali kuku. Alikamata senene kila msimu, akawang'oa mabawa na miguu mpaka vidole vikauma, akawakaanga, akawapelekea wanaume. Mwanamke alikuwa hali senene. Walisema akila, mtoto atazaliwa na kichwa cha senene. Leo tunakula, Baba. Wewe mwenyewe unanibakizia. Umeona mtoto mwenye kichwa cha senene hapa Kamuli? Basi niambie kwa nini mwiko wa kuku ulikufa ila wa paa uko hai. Tena wewe ni mzee wa kanisa. Katika Amri Kumi nimelitafuta paa sikulikuta.

Ukiniambia unaogopa, nitakuelewa. Lakini usiniambie nisubiri, kwa sababu ninayemsubiri amekwisha kusema haji.

Habari njema ni moja. Siku ile umeme ulipokatika sikuyaacha mayai yapoe. Nilibeba trei nyumba kwa nyumba nikiuliza, 'Mama, una kuku anayeatamia?' Kila mwenye kuku nikamwekea mayai chini yake. Wameanza kutotoa. Kuku wa Uwimbabazi, yule mweusi mwenye hasira, ametoka na vifaranga weupe wa kisasa. Anawatazama, anatutazama sisi, lakini ukimsogelea anakung'oa jicho.

Nguzo zimefika Nkwenda. Nijibu upesi.

Binti yako,
Vero


Bweranyange
9 Oktoba 2024

Vero,

Barua yako nimesomewa na shangazi yako kwa kuwa miwani imeanguka. Nimesikia habari za Jovin. Sikulala vizuri.

Lakini umenijibu mimi kama unavyojibizana na wenzako kisimani. Kuku ni kuku na senene ni senene. Paa ni kichwa cha mtu. Sikukulea uje unipande kichwani nikiwa hai.

Nimesema hapana. Ukipanda, ujue umenizika, na aliyezikwa haandiki barua.

Baba yako,
Elpidius


Kamuli
16 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Naomba Mungu uwe na nguvu za kusoma barua hii mpaka mwisho.

Nimepanda.

Nataka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa mwingine. Nilipoipata barua yako nililia, halafu nikapika, nikala. Watu wa umeme walikuwa wameshafika kijiji cha jirani. Nikaona kwamba nikingoja moyo wako ulainike na kuta zitakuwa zimelainika.

Kwanza bati. Unajua kwamba mimi ni mwanachama wa kile chama chetu cha wanawake cha kufa na kuzikana. Nikaenda kwa mwenyekiti nikamwambia, 'Nimefiwa.' Akashika kichwa, 'Taata wee! Mzee Elpidius?' Nikamwambia hapana, Mzee mzima, nimefiwa na paa. Maiti iko kwa Placidius na hataki kuitoa. Akaanza kucheka mpaka akashika mlango. Akasema, 'Katiba yetu inasema mwanachama akifiwa tunakwenda. Haikusema afiwe na nini.'

Jumatatu asubuhi wakaja wote, kanga viunoni, wengine na kuni na ndizi kama ilivyo desturi ya msiba. Tukaingia kibanja cha Baba Mdogo tukiimba nyimbo za kanisa. Akatoka na panga. Akasema yeyote atakayegusa bati ataona. Mwenyekiti akamwambia, 'Shemeji, tupo kwenye mazishi, vua kofia.' Na kabla hajafungua mdomo tena, mke wake mwenyewe, Mama Mdogo Deodatha, akatoka jikoni, akafunga kanga vizuri, akang'oa bati la pembeni kwa jembe, akajitwisha, akapita mbele yake. Baba Mdogo aliliangalia bati likienda mpaka likaishia mpakani. Panga akaligeuza, akaanza kukata majani makavu ya mgomba, ionekane ndiyo kazi iliyomtoa nje.

Tulilibomoa paa lililobaki palepale, tukanyoosha misumari kwa jiwe. Kenchi mbili zilikuwa zimevunjika, tukakata mikaratusi ya mpakani kwetu. Mume wa Uwimbabazi alikuja kusaidia lakini anaona kizunguzungu hata akisimama kwenye kiti, kwa hiyo akabaki chini kupokeza mbao.

Ikafika saa ya kupanda, wanawake wote wakaacha kuimba. Hata Uwimbabazi alinishika mkono akaniuliza, 'Una hakika?' Nilikuwa nimevaa suruali yako ya kazi, ile yenye mfuko wa misumari, nimeikunja miguu. Nilimwambia sina hakika. Nikaweka mguu kwenye ngazi.

Baba, nisikufiche, juu kule niliingiwa na hofu. Si kwa urefu. Niliogopa kwamba labda mnasema kweli. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, 'Baba yangu Elpidius yu hai, yuko Bweranyange, na hii ninayoiezeka ni nyumba yake!' Kisha nikapigilia msumari wa kwanza. Nilipigilia vibaya, ukapinda. Wa pili ukaingia.

Na nikuambie niliyoyaona kule juu kama fundi kwa fundi. Paa lako lilishikana lenyewe kwa lenyewe, ila halikushikana na nyumba. Safari hii nimefunga kila kenchi kwa waya mnene, nimeushusha ndani ya ukuta mpaka kwenye jiwe. Upepo ukirudi itabidi ubebe nyumba nzima na mimi ndani.

Tulimaliza kwa jua la jioni la siku ya pili. Baba Mdogo alikuja akasimama barabarani akapaza sauti, 'Watu wa Kamuli, mmeona wenyewe! Huyu amemzika kaka yangu!' Nikamjibu kutokea juu kwenye kofia ya paa, 'Basi lete rambirambi!' Najua ulisema nisimtukane. Hilo si tusi.

Nisamehe kwa kukuumiza. Kwa kupanda siombi msamaha.

Binti yako,
Vero


Kamuli
2 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Kila Hiace ikipita Rubwera Hanifu anauliza kama kuna barua yangu. Dereva ameshaanza kumkwepa. Hakuna barua.

Umeme umerudi. Walifika, wakaangalia juu, wakauliza ni fundi gani ameezeka, wakavuta waya. Mashine inanguruma kama zamani na mayai yamo ndani. Jana jioni senene wa kwanza walikuja kwenye taa ya nje. Uwimbabazi alitaka tusherehekee. Nilishindwa.

Simu nazo zimerudi. Nakupigia, haipatikani. Nampigia Shangazi, inaita mpaka inakatika. Shangazi Costansia asiyepokea simu? Yule ambaye hupokea hata akiwa kanisani?

Baba Mdogo anapita akisema amepata habari kutoka huko kwamba hujatia kitu mdomoni na umegeukia ukutani. Watu wanaanza kunitazama kwa namna ile wanayomtazama mfiwa. Mwanamke mmoja wa chama amenishika bega kisimani akaniambia, 'Jikaze.' Nikamwuliza nijikaze kwa nini, akaondoka.

Baba, naogopa. Nakuambia wazi kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Mchana nasema ni maneno ya wajinga. Giza likiingia nakaa chini ya paa langu zuri, taa inawaka, nawaza kwamba nimelinunua kwa uhai wako. Kisha nakasirika. Nakasirika sana, na wewe pia. Kama unaumwa, unaumwa nyonga. Usithubutu kufa kwa ajili ya bati. Ukifa sasa Baba Mdogo atakuwa amesema kweli, na binti yeyote wa Kamuli hatapanda tena juu ya kitu chochote mpaka mwisho wa dunia.

Nikikosa jibu wiki hii nakuja huko mwenyewe. Nitakukuta ulivyo.

Vero wako


Bweranyange
7 Novemba 2024

Kwa Vero binti yangu,

Marahaba. Bwana asifiwe.

Sijafa.

Kaa chini kama umesimama. Pole kwa ukimya, najua umekutesa. Ningeweza kukupigia, lakini nilisema aliyezikwa haandiki barua, basi nataka uone naandika. Nilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kungoja kifo.

Placidius alimtuma mtu kwa pikipiki kabla hata barua yako haijafika. Nikasikia umepanda. Nikamwambia Costansia atandike kitanda vizuri, nikalala chali, nikakunja mikono, nikasubiri. Nilimkataza kupokea simu, kwa maana maiti haina mazungumzo. Jioni ile sikula. Asubuhi nikafumbua macho, nikajipapasa, nipo. Nikasema labda inachukua muda, mlima ni mrefu kutoka Kamuli. Siku iliyofuata nikawa na njaa mbaya sana. Shangazi yako akasimama mlangoni na jembe begani, akaniambia, 'Kaka, kama unakufa, kufa. Nina maharage ya kupalilia.' Akaenda zake. Akaniachia ndizi na maharage mezani, mbali kidogo na kitanda, makusudi, mchawi yule. Niliinuka nikazifuata bila fimbo. Nilipomaliza sahani ndipo nikaikumbuka fimbo.

Tangu hapo nimekuwa nikila na kusubiri, kusubiri na kula. Nimenenepa. Nyonga imepona kuliko ilivyokuwa. Nilikasirika, Vero. Mtu mzima nimejiandaa kufa kwa heshima, halafu sifi! Nilizisoma barua zako zote mbili na sikukujibu, kwa sababu kila nilipochukua kalamu nilikuwa sijui naandika kama nani.

Sasa najua nilichokuwa naogopa, na si kaburi. Niliogopa kurudi nikute nyumba imesimama bila mimi. Nimeezekea watu kata nzima. Nikiwa juu ya paa nilikuwa mtu. Nilipovunjika nyonga nikawa mzigo wa kubebwa kwa Hiace. Ukaniomba ruhusa ya kupanda, nikasikia unaniambia nishuke. Hukusema hivyo. Ni mimi niliyesikia hivyo.

Ile habari ya kufunga kenchi kwenye ukuta, nimeisoma mara nyingi. Ulivyofanya ni sawa. Waya uupake mafuta machafu ya pikipiki usije ukashika kutu. Na ule msumari uliopinda, uung'oe, usiuache, utavujisha.

Nimempigia Jovin jana. Nimemwambia anikaribishe Geita siku nikitaka kwenda kusalimia, na asigawe mahali ninapoishi. Kisha nikampigia Placidius. Alipoisikia sauti yangu akasema, 'Kaka?' Nikamwambia, 'Ndiyo, marehemu anazungumza.' Nimemwagiza aje hapo kwako Jumamosi, yeye na wanaume wa ukoo aliosema wakae, pamoja na mwenyekiti wa kijiji na mchungaji. Nitasema mbele yao kwa kinywa changu kwamba nyumba ile na kibanja ni vya Vero, na ninasema nikiwa hai ili asije mtu kunisemea nikifa. Atakayenuna anune. Mimi nimeshalala kitandani nikangoja adhabu ya ukoo haikuja, sasa wanitishie na nini?

Wanawake wa chama chako waambie wasiniandalie rambirambi. Waje wale senene, ukikamata wa kutosha.

Nitapanda Hiace ya asubuhi. Miaka yote nilikuwa naingia pale kwa kukohoa tu, mlango unafunguka. Jumamosi nitasimama uani kwako na kupiga hodi. Na nikikukuta juu ya bati una kazi, usishuke kwa ajili yangu. Nitasubiri chini.

Ni mimi baba yako mzima,
Elpidius